Nimempasua papa nikakuta watoto wanne: je, huyu ni samaki, na binti yangu mjamzito amle?

"Mimi ni mama lishe hapa Tanga. Wiki iliyopita nilinunua mnadani papa mzima, urefu wake kama futi tano, mapezi yake yana ncha nyeusi. Nilipompasua nikakuta watoto wanne, wamekamilika kabisa, meno wanayo, na kila mmoja ameshikwa kifuani na kamba kama kitovu cha mtoto wa binadamu. Nilishtuka, maana miaka yote najua samaki hutaga mayai. Mama mkwe wangu anasema papa si samaki, ni mnyama kama pomboo, ndiyo sababu anazaa, na nyama yake inanuka mkojo kwa kuwa hukojolea mwilini mwake. Tangu siku hiyo sina raha. Binti yangu ana mimba ya miezi minne na kila siku anatamani mchuzi wa papa. Nimpe? Na je, nimekosea kumnunua mama mwenye watoto? Wale wanne bado wako kwenye friza, sijui niwafanye nini."

Mama, pole kwa mshtuko, na ahsante kwa kueleza ulichokiona kwa makini kiasi hiki. Kuna mambo matatu hapa yaliyosokotana: huyu kiumbe ni nani, nyama yake ina usalama gani, na kama wewe una kosa. La binti haliwezi kungoja, kwa hiyo naanza nalo. Usimpe papa, mbichi wala mkavu, mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha. Kama alikwisha kula mara mbili tatu tangu apate mimba, msiingiwe na hofu. Aache tu kuanzia leo. Sababu nitaieleza mbele, na haihusiani na mkojo wala na kuzaa kwa papa.

Sasa turudi mezani kwako, pale ulipompasua. Papa ni samaki. Unaweza kuyathibitisha haya mwenyewe bila mtaalamu. Mtazame ubavuni nyuma ya kichwa: ana mipasuko mitano kila upande. Hayo ni matamvua yake, anapumulia maji kwayo. Wako papa wachache wa kina kirefu wenye mipasuko sita au saba. Pomboo hana hata mmoja. Yeye ana tundu juu ya kichwa, lazima apande juu kuvuta hewa, akikwama ndani ya wavu hufa kwa kukosa pumzi kama mimi na wewe. Tazama na mkia. Mkia wa papa umesimama wima na hupiga kushoto na kulia, kama wa changu au kibua. Wa pomboo umelala na hupiga juu na chini. Na pomboo humnyonyesha mwanawe maziwa. Papa hana ziwa, na akishazaa ameshamaliza: mtoto huogelea zake siku ileile, mama hamjui tena.

Kinachomtenga papa na samaki wengine ni mifupa. Ulipomkata, kisu kilipita kwenye uti wa mgongo bila tabu kubwa, sivyo? Mifupa yote ya papa, tuseme hivyo, ni gegedu, kitu kilekile kilichomo kwenye sikio lako na ncha ya pua yako. Taa naye yuko hivyo, na papa upanga pia, ambaye kwa ukoo ni taa ingawa tunamwita papa: mipasuko yake ya matamvua iko chini ya tumbo, si ubavuni. Ukoo huu wa samaki wa gegedu una zaidi ya miaka milioni 400 duniani, na aina za papa peke yao zimepita 500. Mmoja wao, anayeishi kwenye kina kirefu karibu na Colombia na Venezuela, hafiki hata urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole. Mwingine ni huyu wanayemwita potwe watu wa Mafia, na papa shilingi huko Kenya kwa madoadoa yake meupe kama sarafu. Huyu hupita mita kumi, ndiye samaki mkubwa kuliko wote, na chakula chake ni vidudu vinavyoelea na samaki wadogo kabisa.

Kuzaa hakumtoi kiumbe katika ukoo wake. Kifutu huzaa watoto hai, na bado ni nyoka. Hata hapo Tanga mna mfano. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa jarife, ule wavu wa matundu makubwa, wamekuwa wakimnasa silikanti, yule samaki wa kale aliyefanya pakatengwa hifadhi ya bahari kwa jina lake mwaka 2009. Naye huzaa. Mama mkwe wako yuko sahihi katika aliloliona, kwamba papa huyu anazaa. Pale anaposema kwa hiyo ni mnyama ndipo tunapoachana. Kama nyuma ya neno lake kuna swali la uhalali wa kumla bila kuchinjwa, hilo mpelekeeni shekhe wenu. Kwa upande wangu namwona matamvua, pezi na mkia, nasema ni samaki.

Tuje kwenye ile kamba. Papa hawazai kwa njia moja. Wako wanaotaga. Yai lao halifanani na yai la kuku. Ni mfuko mgumu wa rangi ya kahawia, una pembe au nyuzi za kujifungia kwenye mwani na matumbawe, na mtoto hukaa humo miezi kadhaa. Mifuko mitupu ya namna hiyo wakati mwingine hutupwa ufukweni na maji, watoto wakaiokota wakidhani ni ganda la tunda fulani. Wako wengine ambao mayai huanguliwa tumboni mwa mama, na kila mtoto hula kiini cha yai lake mpaka kiishe, kisha huzaliwa. Potwe ni wa kundi hili. Mwaka 1995 huko Taiwan alivuliwa potwe jike akiwa na watoto wapatao 300 ndani, wengine wadogo bado kwenye mayai, wengine tayari kutoka.

Katika kundi hilohilo yuko papa mmoja wa pwani ya Afrika Kusini na bahari nyingine, mwenye meno yaliyochomoza nje kama misumari, ambaye kiini kikiisha mtoto mkubwa huwala nduguze humohumo tumboni. Mama ana vizazi viwili, kwa hiyo mwishowe huzaliwa wawili tu, mmoja kila upande, kila mmoja na urefu wa karibu mita. Mtaalamu wa Marekani, Stewart Springer, aliandika mwaka 1948 jinsi alivyotia mkono ndani ya kizazi cha papa wa namna hii akaumwa na mtoto ambaye hajazaliwa.

Papa wako ni wa kundi la tatu, na kwangu mimi hili ndilo la ajabu zaidi. Papa wenye ncha nyeusi mapezini wako wa aina kadhaa katika maji yetu, na siwezi kumtaja kwa jina kamili bila kumwona, lakini ni wa jamii moja na uzazi wao unafanana. Mtoto huanza na yai lenye kiini, kama wale wengine. Hula kile kiini kwa wiki kadhaa. Kikikaribia kuisha, ule mfuko uliokuwa na kiini hausinyai ukapotea. Ukuta wake hujikunja, hujipachika kwenye ukuta wa kizazi cha mama, na mishipa ya damu ya pande mbili husogeleana mpaka chakula na hewa vinavuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mfuko wa kiini umegeuka kondo. Ule mrija uliokuwa ukileta kiini tumboni kwa mtoto umegeuka kitovu. Kamba uliyoishika mkononi ilianza maisha yake kama shina la yai, mama, na hapo ndipo njia mbili za uzazi, ya kutaga na ya kubeba mimba, zilipokutana ndani ya samaki mmoja. Aristotle wa Uyunani aliliandika jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita akimweleza papa mdogo wa bahari yao, na ikapita karne baada ya karne mpaka Johannes Müller wa Ujerumani alipolithibitisha kwa uchunguzi wake mwaka 1842. Kwa hiyo ukishangaa, umeshangaa pamoja na watu wakubwa.

Pingusi naye huzaa kwa kondo, ingawa kichwa chake kipana kama nyundo kingefanya mtu ajiulize anatokaje. Kichwa cha mtoto bado ni laini, na zile mbawa zake hukunjwa kuelekea nyuma mpaka atoke.

Kitovu kikikatika huacha alama. Nilifundishwa kuitazama na mzee mmoja mvuvi, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nilipokuwa nashinda dikoni na ubao wa kupimia nikiandika urefu wa kila papa aliyeshushwa. Nilikuwa nimeandika "papa mdogo" kwenye safu nzima. Mzee akamgeuza mmoja chali, akapitisha ukucha wa kidole gumba katikati ya yale mapezi mawili ya kifuani, na pale palikuwa na mpasuko mdogo, hata haujafunga, una uwekundu ndani. "Huyu si mdogo," akaniambia, "huyu amezaliwa juzi." Nikawageuza wote. Wengi walikuwa na ule mpasuko. Wachache alama yao ilikuwa imefunga imebaki mstari mweupe, na mmoja hakuwa na alama kabisa, na nyuma ya tumbo lake palikuwa na vijiti viwili virefu, vigumu kama penseli. Huyo alikuwa dume mzima, mtu mzima, wa aina isiyokua zaidi ya hapo.

Nimekueleza haya kwa kuwa utayahitaji mnadani. Papa wawili wa urefu mmoja, mmoja anaweza kuwa kichanga wa aina kubwa na mwingine baba wa watoto wa aina ndogo. Mgeuze. Alama mbichi ya kitovu, ni kichanga. Tumbo safi na vijiti vigumu, ni dume aliyekomaa. Vijiti vipo lakini vifupi na vinapinda kama mpira, ni dume kijana. Jike hana vijiti, na ukomavu wake huwezi kuujua kwa nje kirahisi, ila wakati mwingine huwa na makovu ya meno mgongoni na karibu na matamvua, kwa sababu dume humshika kwa meno wanapopandana.

Sasa harufu. Papa hakojolei ndani ya nyama. Ana figo, na mkojo wake hutoka nje kama kawaida. Lakini ndani ya damu na nyama yake kweli mna yurea, ambayo ndiyo inayopatikana pia kwenye mkojo, na imo humo kwa kazi maalumu. Maji ya bahari yana chumvi kuliko damu ya samaki wengi, na chumvi huvuta maji, kama unavyoona unapomtia samaki chumvi akatoka jasho mezani. Changu huishi kwa kunywa maji ya bahari muda wote na kuisukuma chumvi nje kupitia matamvua. Papa amechukua njia nyingine: huhifadhi yurea mwilini mpaka damu yake iwe nzito sawa na bahari, hivyo maji yake hayamtoki. Pamoja na yurea huhifadhi kitu kingine kinachozuia yurea isimharibie misuli. Akiwa hai, hana harufu yoyote mbaya.

Akifa, bakteria huanza kuivunja ile yurea na kuwa amonia, ile inayochoma pua chooni na kwenye banda la kuku. Kwa hiyo harufu inakupa habari za muda na joto, inakuambia huyu papa alikaa juani au alikaa usiku mzima kwenye wavu baada ya kufa. Ndiyo maana papa atolewe damu na utumbo mapema, akatwe vipande, awekwe barafu. Nyumbani mloweke kwenye maji ya chumvi, umwage, urudie, kisha umkamulie ndimu au umtie ukwaju. Ukali wa ndimu huituliza amonia. Bibi zetu walioweka ukwaju na embe bichi kwenye mchuzi wa papa wa nazi walijua wanachofanya. Chumvi na jua pia huwazuia bakteria, ndiyo maana papa mkavu amesafiri sana katika bahari hii. Majahazi ya Uarabuni yaliyokuja na kaskazi yalileta tende na papa mkavu mpaka Mombasa na Unguja. Lakini kama umemwosha mara mbili na bado anakuchoma pua, usimpike wala usimuuzie mtu. Viungo vitaificha harufu tu. Uozo utabaki palepale.

Nirudi kwa binti. Sababu ya kumzuia ni zebaki. Zebaki huingia hewani na majini kutokana na kuchoma makaa ya mawe, viwanda, na uchimbaji mdogo wa dhahabu, ule ambao hata kwetu wachimbaji huitumia kunasia dhahabu. Ikifika baharini, bakteria huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa shida. Vidudu vidogo huipata kidogo, dagaa wanaokula vidudu hivyo hupata zaidi, samaki wanaokula dagaa zaidi tena, na papa aliye juu kabisa, tena anayeishi miaka mingi, hukusanya ya wote. Papa wa futi tano amekuwa akikusanya tangu alipozaliwa, na sehemu alirithi tumboni mwa mamake kupitia kitovu kilekile.

Kwa binadamu ni hivyohivyo: zebaki huvuka kondo, na ubongo wa mtoto unaojengwa ndio unaoumia. Imeshikamana na nyama yenyewe, si mafuta, kwa hiyo kuloweka, kuchemsha, kukaanga, kutoa ngozi, ndimu, hakuna kinachoiondoa. Papa mkavu ana nyingi zaidi kwa kila kipande, kwani maji yametoka na zebaki imebaki. Ndiyo sababu mamlaka za afya za Uingereza na Marekani huwaambia wajawazito wasile papa kabisa, na wamemweka kundi moja na nduaro na samaki wengine wakubwa wawindaji. Mwili huipunguza zebaki polepole. Inachukua kama miezi miwili kushuka kwa nusu. Kwa hiyo kuacha leo kuna faida kwa miezi mitano iliyobaki.

Asiache samaki lakini. Mtoto anahitaji mafuta ya samaki na damu ya mama inahitaji chuma. Mpikie dagaa, vibua, changu, tasi, perege. Ule mchuzi anaoutamani mpikie kwa vibua waliobanikwa, nazi nzito, ukwaju na bizari. Ladha anayoitafuta, kwa sehemu kubwa, imo kwenye nazi na ukwaju. Kama alikuwa akila papa karibu kila siku kabla na baada ya kupata mimba, au anahisi ganzi ya kudumu mikononi, kutetemeka, au macho kupungua upeo, amweleze muuguzi kliniki waziwazi, "nimekuwa nikila papa kiasi hiki kwa muda huu", ili apelekwe kwa daktari. Kwa wewe na watu wazima wengine wasio wajawazito wala wanaonyonyesha, papa mara moja moja si tatizo. Watoto wadogo nao wakae kando.

Kuna jambo hukuliuliza, nami sitaki kuliacha, kwa sababu unalisha watu wengi. Ini. Papa hana mfuko wa hewa wa kumwelesha kama changu. Ini lake kubwa lenye mafuta ndilo linalompunguzia uzito. Ndilo wazee walilolisifu kwa mafuta ya kupaka mbao za jahazi. Libaki huko kwenye mbao. Mwaka 1993 huko Manakara, Madagaska, watu wapatao 200 waliugua baada ya kula papa mmoja, na makumi wakafa. Mwaka 2013, kaskazini zaidi kwenye pwani hiyohiyo, msiba wa namna hiyo ukarudi na watu 11 wakafa. Sumu ya aina hii haimbadilishi samaki rangi wala harufu, na kupika hakuiondoi. Hutokea mara chache sana, lakini sikushauri kumpikia mtu ini, utumbo wala kichwa cha papa mkubwa, hata akuombe. Na mtu akila papa, kisha ndani ya saa chache midomo ikamwasha au kufa ganzi, miguu ikakosa nguvu, akawa anayumba, kitu baridi akakihisi kama moto, msimpe maziwa wala mkaa mkasubiri. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na kipande kilichobaki kibebwe.

Umeniuliza kama umekosea. Hapana. Alikuwa ameshakufa alipofika mnadani, na tumbo huwezi kulisoma kwa nje. Lakini wasiwasi wako haukuwa wa bure, na ningependa uujue uzito wa wale wanne. Changu jike hutaga mayai kwa maelfu na maelfu, tena zaidi ya mara moja kwa msimu. Papa wako amebeba mimba karibu mwaka, akapata wanne. Kabla ya hapo alikua miaka kadhaa bila kuzaa. Pingusi jike, kwa bahari zilizochunguzwa, anaweza kupita miaka kumi kabla ya mimba ya kwanza, na yuko papa wa maji ya barafu ya kaskazini ambaye uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba huishi zaidi ya miaka 200. Changu ni mchicha: ukichuma leo, mvua ikinyesha umerudi. Papa ni mnazi. Ukikata minazi kwa kasi ya kuchuma mchicha, shamba linakwisha huku kila siku umerudi na mzigo. Ndicho kilichotokea baharini. Papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 kati ya mwaka 1970 na 2018, na zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa na taa ziko katika hatari ya kutoweka. Papa upanga, ambaye wazee wenu hapo Tanga wanamkumbuka, kijana wa leo anaweza kumaliza maisha yake ya uvuvi bila kumwona.

Ufanyeje, basi? Unaweza kuacha papa kabisa, na nitakuheshimu, ila nisikudanganye kwamba kesho hatavuliwa. Jarife halichagui, na asipomnunua mama lishe atanunua mkaushaji. Unaweza kuendelea kama zamani, na hapo ndipo ninapokuomba usifanye hivyo. Njia ya katikati ndiyo ninayoiona inafaa kwa mtu anayetegemea jiko lake: mpike mara chache, na umchague. Pingusi mwache, yuko katika hatari kubwa kabisa. Papa upanga usimguse, mpigie simu Afisa Uvuvi. Vichanga wenye alama mbichi ya kitovu usiwanunue hata bei ikiwa nzuri, kwani bei yako ndiyo inayomrudisha mvuvi kesho kwenye ghuba ileile ya mikoko walikozaliwa. Wakikosa soko wiki mbili, nyavu huhamishwa. Nimeliona hilo likitokea. Na kama una mvuvi unayemtanguliza pesa, mwambie kabla hajatoka unataka nini. Neno lako kabla ya safari lina nguvu kuliko baada ya samaki kufika. Kuhusu kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa eneo lenu, waulize BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe wenu, au Afisa Uvuvi ana kwa ana, kwani kanuni hubadilika na mimi sitaki uadhibiwe kwa neno langu.

Wale wanne wa kwenye friza usiwatupe. Walaze mmoja mmoja kwenye meza, mpime kila mmoja kwa tepu ya fundi cherehani kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia, uandike. Wakikaribia nusu mita, walikuwa wamebakiza kidogo sana kuzaliwa. Andika wangapi dume, ambao hata tumboni huwa na vijiti vidogo, na wangapi jike. Wapige picha ubavuni, mapezi yaonekane, na picha ya meno ya mama kama kichwa bado unacho. Kisha wapelekee Afisa Uvuvi wakiwa hivyohivyo na barafu, au umwombe awafikishe kituo cha TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, Dar es Salaam. Kwetu sisi tunaochunguza samaki, watoto wanne wenye tarehe na mahali ni habari tunayoipata kwa nadra. Mahali ndipo utakapohitaji msaada wa yule aliyekuuzia. Mtafute umwulize alitega wapi usiku ule, kina gani, na kama palikuwa karibu na mikoko, kwa sababu mama aliyefikisha siku zake huingia maji mafupi kuzaa, na huenda jarife la mvuvi huyo lilikuwa limezuia mlango huo.